Pagume Haitozwi

Barua ilianza na "Mteja wetu mpendwa," na papo hapo machale yakanicheza. Miaka tisa nimetumia programu yao ya kutarizi na sijawahi kuitwa mpendwa. Nilipolipa walinipa risiti. Nilipoharibikiwa walinipa namba ya simu isiyopokelewa. Sasa leo mapenzi yametoka wapi?

Nitawasimulia barua yenyewe nikiwa nimeyaondoa maua yake. Zamani programu ilikuwa unainunua mara moja. Ukishalipa, unapewa kidude chekundu kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, sisi watarizi wa hapa Shiro Meda tukikiita ufunguo, na basi, ni mali yako. Toleo jipya likija, ukipenda unaongeza theluthi ya bei, usipopenda unaliacha lipite. Sasa barua inasema kuanzia mwaka mpya hawauzi tena, wanakodisha. Kila mwaka ulipe. Wenye funguo za zamani watakaoingia kabla ya Nehase, mwezi wa kumi na mbili, kwisha watalipa nusu bei, na nusu hiyo itadumu miaka yote, mradi leseni yao isikatike hata siku moja. Asiyetaka aendelee na ufunguo wake, ila ujue kompyuta yako ikifa, ufunguo hautahamishiwa nyingine.

"Yaani wanasubiri tufe," alisema Birtukan, fundi wangu wa mashine.

"Si sisi. Kompyuta."

"Na ya kwetu ina umri gani, Etete?" Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

"Tia uzi, wewe. Sijakuuliza."

Lakini nilijua umri wake. Ilikuwa ikiwaka asubuhi kwa kukohoa, na siku za mvua haikuwaka mpaka niipige ubavuni.

Jumamosi yake tulikutana dukani kwa Wosene, wenye maduka watano. Duka la Wosene linatazamana na langu, kati yetu kuna korido tu, isiyo na paa. Miaka kumi na mitano tumeazimana uzi, mikasi, sukari na machozi ya misiba, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuona nakshi kwenye kompyuta yake ikiwa nusu, wala yeye yangu. Ndivyo tunavyoishi hapa. Mtu akikukuta unachora, unaivua shuka ya netela begani na kuitupa juu ya kioo cha kompyuta, kisha ndiyo unamkaribisha. Hakuna anayekasirika. Nakshi ikitoka dukani kwako asubuhi bila ulinzi, jioni inaning'inia kwenye maduka kumi, tena kwa bei ya chini.

Ilikuwa mfungo wa Filseta, kwa hiyo kahawa ilikuja na shayiri ya kukaanga tu. Gashe Mena, mkubwa wetu kwa umri, Mdorze, kabila la wafumaji, kama mama yangu, aliishika ile barua kwa ncha za vidole kama kitambaa cha mgonjwa.

"Nimenunua suruali," akasema. "Nimelipa. Nimeivaa miaka tisa. Sasa fundi aje kila mwaka anidai kodi ya kuivaa?"

"Ukikataa anakuvua barabarani, Gashe," mmoja akatania.

"Aje anivue! Ataona cha kumkimbiza."

Tulicheka. Kisha Wosene akasoma mstari ambao mimi sikulala usiku kwa ajili yake: katika toleo jipya, nakshi zote zitahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, ng'ambo.

"Ng'ambo wapi?" akauliza Gashe Mena.

"Haijasema."

"Basi ni kwa shetani."

Kikombe cha tatu kilipozunguka, kile cha baraka, tuliapa. Hakuna atakayetia saini. Wote wakanywa, nami nikanywa huku nawatazama juu ya ukingo wa kikombe. Mimi ni mtu wa kushuku, sijivunii wala sioni haya. Niliona kila mtu amemaliza kikombe chake isipokuwa Wosene. Aliacha nusu. Nani anaacha nusu ya kikombe cha baraka, kama moyo wake uko pale alipoapa?

Siku tatu baadaye nikamwona Ato Fikre, wakala wa kampuni, akitoka dukani kwa Wosene. Anatabasamu. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara mbili, anaitia mfukoni. Wosene amesimama mlangoni anampungia mkono. Nikarudi ndani kabla hawajaniona.

Akili yangu ilifanya hesabu zake. Wosene ametia saini. Kama Wosene ametia saini, Gashe Mena naye labda anatupiga porojo tu na suruali yake. Kesho kompyuta yangu itakufa, wao watakuwa na toleo jipya kwa nusu bei, nami nitaanza upya kwa bei nzima, au nirudi kutarizi kwa mkono. Nakshi zangu thelathini na moja zingekufa na ile kompyuta. Nyingine sikujali. Lakini mojawapo niliichora kutoka kwenye pindo la shuka aliyofuma mama yangu, Shagre, na duka langu linasimama kwa nakshi hiyo. Wateja hawaulizi jina langu, wanauliza, "Ile ya Shagre ipo?"

Nilimpigia Ato Fikre kesho yake. Nikamwambia tusionane dukani, tuonane kwenye mkahawa wa Sidist Kilo. Alikuja na ankara tayari. Mwanamume wa makamo, mpole, kadi ya kazi shingoni, na upole wake ulinitia wasiwasi zaidi.

Niliisoma ile karatasi mara tatu. Mara ya tatu nikakiona nilichokuwa nakitafuta. Miezi kumi na miwili, bei hii. Chini yake, kwa maandishi madogo: siku tano za Pagume, ule mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu unaotangulia Mwaka Mpya, bei hii.

"Hii nini?"

"Pagume, Weizero Abonesh. Makao makuu wanahesabu kwa siku."

"Ato Fikre, wewe umezaliwa wapi?"

"Gulele."

"Huko Gulele mwenye nyumba hutoza kodi ya Pagume?"

"Hapana."

"Mshahara wako wa Pagume unalipwa?"

Akacheka kwa uchungu kidogo. "Hapana."

"Basi na mimi silipi. Miezi kumi na miwili nalipa. Pagume haitozwi. Iondoe, na uiandike kwenye mkataba kwamba umeiondoa, maana maneno ya mkahawani nayajua."

"Niiondoe kabisa?"

"Iondoe kabisa."

Aliandika barua pepe pale pale. Kabla sijamaliza chai jibu likawa limerudi: wamekubali. Nilipaswa kushtuka. Watu wasiopokea simu wamekubali kupunguziwa fedha ndani ya dakika kumi, na mimi, Abonesh, ninayenusa maziwa kabla ya kununua ng'ombe, nikaona nimewaweza! Mkataba ukarekebishwa: leseni inahusu miezi kumi na miwili ya siku thelathini kila mmoja. Nikautia saini tarehe ishirini na nane Nehase. Nikatembea kwenda nyumbani nimevimba kichwa.

Alipokuja kuweka toleo jipya nilimwambia apitie mlango wa nyuma. Akauchukua ufunguo mwekundu, akasema ndiyo kanuni, akaniachia neno la siri. Nakshi zangu zikapanda kwenda huko ng'ambo kusikojulikana. Nilimwapisha Birtukan asimwambie mtu.

Mwaka mzima niliishi hivyo. Programu, nisiwe mnafiki, ilikuwa nzuri. Ilichora haraka na uzi haukukatika ovyo. Lakini kila ilipolia kidogo niliona wananichungulia. Kila nilipopita mbele ya duka la mtu niliyatazama magauni yake kwa jicho la pembeni, nikitafuta pindo la Shagre. Sikuliona popote. Jambo hilo halikunituliza, lilinifanya nidhani wanalificha. Kwa Wosene nilikwenda mara chache, na nilipokwenda nilisimama mlangoni tu. Akiniuliza kulikoni, nasema kazi. Nilimchukia kwa kunisaliti, na nilimchukia zaidi kwa kunitazama machoni kama hajafanya kitu.

Mwaka ukageuka. Nehase ikafika, nikalipa leseni ya mwaka uliofuata mapema, wiki nzima kabla ya siku, ili isikatike. Na kazi ikanimiminikia. Chama cha kina mama wa kanisa moja la kule Entoto kiliniagiza magauni ishirini na manne, yote ya nakshi ya Shagre kifuani na kwenye pindo, wayavae asubuhi ya Mwaka Mpya. Ishirini na manne yanayofanana! Mwenyekiti wao aliniambia mwenyewe: yakitoka mazuri, harusi zote za kanisa ni zako. Sikumwambia, lakini yasipotoka, kila harusi itajua ni nani aliyewaacha kina mama uchi siku ya sikukuu.

Nehase ilipokwisha tulikuwa tumemaliza kumi na mawili.

Pagume mosi, saa mbili asubuhi, Birtukan aliwasha kompyuta, akakaa kimya. Birtukan hakai kimya.

"Etete, njoo usome."

Ilikuwa imeandikwa: Leseni yako imekwisha. Leseni yako itaanza tena baada ya siku sita.

Siku sita, maana mwaka huo, kama kila mwaka wa nne, Pagume ilikuwa na siku sita. Hata hapo bahati haikunionea huruma. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga ubavuni. Kisha nikampigia Ato Fikre, na namshukuru Mungu alipokea, maana ningekwenda kumtafuta Gulele nyumba kwa nyumba.

"Nimelipa!" nikamwambia. "Nimelipa mwaka uliopita, nimelipa mwaka unaokuja. Mashine zimefungwa!"

Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Weizero Abonesh. Pagume tuliiondoa."

"Tuliiondoa kwenye bei!"

"Kwenye mkataba. Uliniambia niiondoe kabisa. Kwao siku isiyolipiwa ni siku isiyo na leseni."

"Mwenye nyumba wangu hanitozi Pagume. Je, ikifika Pagume hunitoa nje na godoro langu?"

"Mimi ni Mhabeshi kama wewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Walipokubali haraka nilifurahi. Nilidhani wameelewa."

"Basi niuzie siku sita. Nalipa sasa hivi, mara mbili, mara tatu."

"Siku haziuzwi peke yake. Nitaandika ombi maalumu. Linachukua siku saba za kazi."

Akaendelea taratibu, kama anayetoa habari ya msiba kidogo kidogo. Leseni yangu ilikuwa imekatika. Nusu bei ilikuwa kwa ambao haijakatika hata siku moja. Mwakani ningehesabiwa mteja mpya.

Sikumtukana, sikuwa na nguvu. Nilikaa kwenye kigoda nikajiona mjinga, mimi niliyeusoma mkataba mara tatu nikimtafuta mwizi, kumbe mstari ulioniibia nimeuandikisha mwenyewe.

Na ng'ambo ya korido mashine za Wosene zilikuwa zinanguruma. Siku ya kwanza zilinguruma. Siku ya pili zilinguruma. Nikasema amepata mkataba mzuri kuliko wangu, amewekewa Pagume bure, na Fikre ananicheka pamoja naye. Tulijaribu kutarizi gauni la kumi na tatu kwa mkono, mimi na Birtukan. Kufikia jioni ya siku ya pili tulikuwa tumemaliza nusu ya kola.

"Etete," Birtukan akasema, "pale mbele kuna mashine."

"Naziona."

"Basi?"

"Basi tia uzi."

"Niutie wapi?"

Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya malaika Rufaeli. Mvua ikashuka kabla ya saa sita mchana, na watu wakatoka nje kuoga mvua ya baraka, wakubwa kwa wadogo, wanacheka, nguo zimewaganda mwilini. Nilichukua gauni moja lililokamilika, nikalikunja kifuani, nikavuka korido. Zilikuwa hatua saba na kila moja ilinikera.

Wosene alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Aliponiona aliivua netela yake akaitupa juu ya kioo, kama kawaida.

"Leo umeingia mpaka ndani," akasema. "Nani kafa?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nimekiona. Ubavuni mwa kompyuta yake, kimechomekwa pale pale kilipochomekwa miaka yote, kidude chekundu.

"Hujatia saini," nikasema.

"Si tuliapa?"

"Nilimwona Fikre akitoka hapa. Na karatasi."

"Risiti! Alikuja kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia kama anataka kuondoka na kitu aagize gauni la mkewe. Akaagiza. Mteja mzuri, analipa."

"Na kikombe je? Uliacha nusu. Kikombe cha baraka."

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina.

"Abonesh, nilikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alinikataza kahawa. Kile kidogo nilikunywa kwa ajili ya kiapo, na kiliniumiza siku mbili." Nikaona kitu kinapita usoni mwake, si hasira. "Kumbe ndiyo maana. Mwaka mzima umesimama mlangoni kwangu kama mdai."

Nilitaka kumweleza kila kitu lakini alinizuia kwa mkono.

"Najua. Nilikuja kuazima mkasi mwezi wa Meskerem, mwaka ulipoanza, nikaona ufunguo wako haupo. Gashe Mena alipoulizia, nikamwambia ufunguo umeharibika, nawe unatumia wa ndugu yako. Nikasema utaniambia mwenyewe ukiwa tayari." Akalitazama gauni. "Mangapi yamebaki?"

"Kumi na mawili."

"Lete nakshi."

"Haifunguki. Iko kwao. Na hata ingefunguka, programu yako ya zamani haiisomi."

"Basi chora."

"Hapa?"

"Unataka ukaichorie sokoni?"

Nilisita. Kuichora pale ni kuichora ndani ya kompyuta yake: kila mshono, kila hesabu ya nyuzi, vitu ambavyo hata Birtukan hajui. Mtu anaweza kulikodolea macho gauni langu siku nzima asiweze kuliiga sawasawa, lakini akiniona nikichora mara moja tu, nakshi ya mama yangu ni yake. Wosene alielewa, yeye ni wa kazi hii hii.

"Ukimaliza kutarizi utaifuta mwenyewe," akasema. Akavuta netela kutoka kwenye kioo, akainuka, akanipisha kwenye kiti chake. Yeye akachukua kigoda akakiweka karibu na mlango, akakaa akinipa mgongo, akitazama watu wanavyooga mvua.

Nikaanza. Vidole vilikuwa vizito kwenye programu ya zamani, lakini vilikumbuka. Nilichora msalaba wa katikati, nikachora matawi yake. Wosene hakugeuka hata mara moja. Alikuwa akiwacheka walio nje, akimwita huyu na yule, akisema fulani amenenepa.

Nilipofika kwenye pindo lenyewe, lile la Shagre, mkono ukasimama. Mbele ya Wosene kulikuwa na dirisha, na nje kulikuwa na giza la mawingu, na kioo cha dirisha giza likiwa nyuma yake huonyesha vitu. Mungu anisamehe. Nilijiinua kidogo kwenye kiti na kuinamisha kichwa, nione kama kompyuta inaonekana pale alipokuwa akitazama.

Macho yetu yakakutana kwenye kioo.

Kisha akainuka, akakichukua kigoda chake.

"Nitakaa nje," akasema. "Mvua ya Rufaeli ni dawa."

"Wosene, sikukusudia..."

"Chora, dada. Muda unakwenda."

Akatoka na kuurudisha mlango. Nikabaki peke yangu dukani mwake. Niligeuka kuendelea na kazi, na hapo ndipo nilipoona kwamba kando ya nakshi yangu, kwenye kompyuta ile, orodha ya nakshi zake zote ilikuwa wazi. Sitini na zaidi, miaka kumi na mitano ya mikono yake, ile ya harusi ya Gondar ambayo nimeitamani tangu ilipotoka, zote ziko pale, kwa kubofya mara moja tu. Hakuwa amezifunga. Wala hakuniambia nisiziguse.

Sikugusa hata moja. Nilichora pindo la mama yangu huku machozi yananidondokea mikononi, na nje, kwenye mvua, nilimsikia akimzuia mtu mlangoni. Alikuwa Gashe Mena, anataka kuingia aone nani yuko ndani.

"Rudi baadaye, Gashe," Wosene alikuwa anamwambia. "Abonesh anachora."